Picha ya Nyumba Nyakati za Shida: Olbalbal, Karatu na Funzo la Shenandoah

(Mhadhara wa wazi uliotolewa Karatu mjini mbele ya wazee, walimu, wapigapicha na wanafunzi. Umechapishwa kama ulivyosemwa, pamoja na marekebisho madogo ya lugha.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya upigaji picha wa kumbukumbu, na mimi nimeomba ruhusa ya kuubana mjadala huo mpaka ubaki na kitu kimoja: nyumba ya mkulima au mfugaji iliyopigwa picha wakati uchumi umebana. Madhumuni yangu ni kuonyesha kwamba picha ya namna hiyo inakuwa ushahidi pale tu inapoeleza shida imetoka wapi. Ikionyesha sura ya shida peke yake, yeyote anaweza kuichukua na kuisemesha anachotaka, na anayeumia kwanza ni mwenye nyumba.

Nimechagua Olbalbal kwa sababu ni mahali ambapo ardhi imepigwa picha kwa uangalifu mkubwa kuliko nyumba zilizosimama juu yake. Wenyeji mnapajua. Ni ule uwanda wa chini, upande mkavu wa nyanda za juu za Ngorongoro, ambako maji ya Korongo la Olduvai yanafika na kuishia. Mvua ikinyesha vizuri kuna tope na majani mabichi. Mvua ikikosa kuna vumbi. Jirani na hapo, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona meno ya fuvu la kale yakichungulia ardhini. Uchimbaji ulikuwa umesubirishwa kidogo ili mpigapicha wa filamu, Des Bartlett, awahi kufika, na kwa hiyo kazi ya kulifukua fuvu lile ilirekodiwa tangu mwanzo. Baadaye, mwaka 1978, nyayo za Laetoli nazo zilipofukuliwa zilipimwa na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Sina ugomvi na kazi hiyo. Naipenda na ninaiheshimu. Ninachouliza ni hiki: mwaka ule ule wa 1959, eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilipotengwa na Serengeti, kulikuwa na familia zilizotoka Serengeti kwa makubaliano ya 1958, zikaanza kujenga upya upande huu. Nyumba zile zilijengwa na akina nani, kwa fito zipi, na zilidumu misimu mingapi? Mifupa ya miaka karibu milioni mbili tunayo kwenye picha. Nyumba za bibi zetu hatuna, au tunazo kama mandhari nyuma ya simba na watalii.

Hoja ya kwanza: ukuta wa nyumba ya Olbalbal unaandika hali ya mifugo

Nyumba ya Kimaasai, enkaji, hujengwa na mwanamke na ni ya mwanamke. Anakata fito, anazisimika, anazifunga, anakunja paa, kisha anakandika kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Kazi hiyo haiishi siku ya kwanza. Mvua ikipasua paa anapanda na kukandika tena. Jua likikausha na kuleta nyufa anaziziba. Akina mama mliopo hapa mnajua jambo ambalo wapigapicha wengi hawalijui: ili ukandike unahitaji ng'ombe. Kundi likiwa kubwa na malisho yakiwa karibu, kinyesi kipo tele zizini kila asubuhi. Kundi likipungua, au vijana wakilipeleka mbali kutafuta majani, mama anabaki na fito na udongo mkavu.

Basi tazameni nyumba baada ya ukame wa 2009, au ule wa 2021 na 2022 uliotapakaza mizoga kando ya njia. Mkandiko unakuwa mwembamba. Fito zinaanza kuonekana. Pale palipopasuka pamefunikwa karatasi ya nailoni, kipande cha turubai au gunia la mahindi ya msaada. Mgeni mwenye kamera anaona uchakavu na kuandika chini ya picha: “Makazi duni.” Mtu anayejua kazi ya nyumba angeandika: “Nyumba hii ilikandikwa mara ya mwisho kabla ya ng'ombe kufa.” Maelezo haya mawili yanahusu ukuta mmoja. Ya kwanza yanamhukumu mwanamke aliyejenga, ya pili yanataja kilichomkuta.

Kuna sababu nyingine ambazo hazionekani kabisa kwa lenzi. Kilimo ndani ya Hifadhi kilikatazwa mwaka 1975. Mwaka 1992, John Malecela akiwa Waziri Mkuu, watu waliruhusiwa kulima mashamba madogo kwa ajili ya chakula. Mwaka 2009 katazo likarudi. Kwa hiyo ukipata picha ya boma ya mwaka 1998 yenye kishamba cha mahindi nyuma yake, na nyingine ya boma hilo hilo ya mwaka 2012 isiyo na shamba, usikimbilie kusema watu hawa hawapendi kulima. Jembe liliwekwa chini kwa amri. Vivyo hivyo na nyumba yenyewe. Kujenga nyumba ya kudumu ndani ya Hifadhi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi, na wengi hawakipati. Mtu anaweza kuwa na fedha ya bati na bado akaishi chini ya udongo. Ukipiga picha ya nyumba hiyo pasipo kutaja kibali, unaiacha sheria nje na kumwingiza mwenye nyumba peke yake.

Wazee wetu wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nawaomba wapigapicha vijana wauchukue msemo huu kama maelekezo ya kazi. Enkaji ina mlango mfupi na njia ya kuingilia iliyopinda, na mwanga unaingia kwa tundu dogo tu. Mpigapicha asiye na subira anawasha taa ya kamera. Taa ile inafanya masizi ya miaka mingi yaonekane kama uchafu wa jana, na macho ya watoto waliozoea giza yanaonekana kama macho ya watu waliovamiwa. Kaa kwanza. Subiri jua lipande mpaka mwanga wa mlangoni ufike kwenye mafiga. Utaona kitanda kilivyopangwa, ngozi iliyotandikwa, vibuyu vya maziwa vilivyosafishwa kwa moshi, mahali pa ndama, na utajua kwamba kila shibiri ya nyumba hiyo imefikiriwa. (Naona mama mmoja anacheka hapo mbele. Nadhani anajua wageni wangapi wameingia kwake na kutoka kabla macho yao hayajazoea giza.)

Hoja ya pili: wapo waliopigwa picha hivi kabla yetu, na tunajua kilichofuata

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mfano huu unatuhusu sana na sijausikia ukitajwa katika mazungumzo yetu.

Wote waliosomea upigaji picha wameambiwa habari za Marekani wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Serikali ya Rais Roosevelt ilituma wapigapicha vijijini chini ya usimamizi wa Roy Stryker: Dorothea Lange, Walker Evans, Russell Lee, Arthur Rothstein na wenzao. Walipiga vibanda vya wakulima wa pamba wa Alabama, mahema ya vibarua wa California, nyumba zilizomezwa na mchanga kule Oklahoma. Picha hizo, zaidi ya 160,000, ziko leo katika Maktaba ya Bunge mjini Washington na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitazama. Ni hazina kubwa. Vyuo vingi vinafundisha kwamba ndizo kilele cha picha za kumbukumbu, na kwa sehemu ni kweli.

Lakini kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1935 ndani ya idara gani? Ilikuwa idara ya kuwahamishia wakulima maskini kwenye makazi mapya. Jina la kuwalinda wakulima lilikuja mwaka 1937. Na moja ya kazi za mwanzo za Rothstein, Oktoba 1935, akiwa kijana wa miaka 20, ilikuwa kwenda kwenye milima ya Blue Ridge, jimbo la Virginia, kupiga picha familia zilizokuwa zinaondolewa ili kupisha Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah.

Tulieni hapo kidogo. Kwa miaka mingi serikali ya jimbo lile ilikuwa ikitwaa ardhi ya watu wa milimani kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1928. Mwaka 1933 kilitoka kitabu kiitwacho “Hollow Folk”, cha mwanasaikolojia Mandel Sherman na mwandishi wa habari Thomas Henry, kilichowaeleza watu wa mabonde yale kama waliosahauliwa na dunia, wasiojua lolote la zama zao. Rothstein alipofika alikuta simulizi tayari imeandikwa, na sehemu ya picha zake zikakaa ndani ya simulizi hiyo: nyumba za magogo, mtoto mlangoni, baba amekaa kimya. Hifadhi ilianzishwa rasmi Desemba 1935, na Roosevelt mwenyewe akaizindua Julai 1936. Familia zipatazo 500 ziliondoka. Baadhi zilipelekwa kwenye makazi mapya yaliyojengwa na idara ile ile, nyumba za kisasa walizotakiwa kuzilipia kwa mkopo. Nyumba za zamani nyingi zilibomolewa au kuchomwa moto ili msitu urudi na mgeni aone pori.

Miaka 60 baadaye, katika miaka ya 1990, mwanaakiolojia Audrey Horning alirudi kwenye mabonde yale akapima na kuchimba viwanja vya nyumba zilizobomolewa. Hakukuta watu waliojitenga na dunia. Alikuta sahani za dukani, chupa za dawa za kiwandani, vifaa vya kuchezea watoto, vipande vya magari. Walikuwa wakulima waliouza matunda na kuni, waliokwenda kibarua, waliopigwa na anguko la bei na ukame wa 1930 kama wakulima wengine wote. Umaskini ulikuwapo. Uongo ulikuwa katika kudai kwamba umaskini ule ndio tabia yao, kwamba ulizaliwa nao milimani.

Simlaumu sana Rothstein. Alikuwa kijana, alikaa na watu wale, na picha zake nyingine zina heshima kubwa. Ninachosema ni kwamba picha iliyokosa sababu ilikwenda kujiunga na sababu ya mwingine. Aliyesema “watu hawa wanaishi vibaya, kwa hiyo tuwaondoe” alipata picha. Aliyetaka kusema “watu hawa wanaishi vibaya kwa sababu mmekwisha kuwazuia kujenga na kulima mnapowaandaa kuondoka” hakupata picha, kwa kuwa kuzuiwa hakuonekani ukutani.

Sisemi Ngorongoro ni Shenandoah. Kule karibu watu wote waliondolewa na nyumba zao nyingi zikafutwa; hapa sheria ya 1959 iliunda eneo la matumizi mseto ambamo wanyamapori na wafugaji walipangiwa kuishi pamoja, na hilo ni jambo ambalo Tanzania ina haki ya kujivunia. Ardhi ni tofauti, sheria ni tofauti, historia ni tofauti. Hata hivyo, njia ambayo picha ya nyumba hupita kutoka mlangoni kwa mwenyewe mpaka mezani kwa mwamuzi ni ile ile, na kwa sababu hiyo nimewaleteeni mfano huu kutoka mbali.

Nitaongeza jambo moja juu ya Rothstein, kwa faida ya vijana. Mei 1936, kule Dakota Kusini, alikuta fuvu la ng'ombe kwenye ardhi iliyopasuka. Alilisogeza hatua chache na kulipiga picha sehemu zaidi ya moja. Magazeti ya wapinzani wa Roosevelt yakagundua, yakapiga kelele kwamba ukame wote ni wa kutengenezwa. Ukame ulikuwa wa kweli kabisa, lakini fuvu lililosogezwa liliwapa wapinzani nafasi ya kuukana. Mwaka 2022 mizoga ilikuwa mingi mno katika tarafa ya Ngorongoro. Hakuna aliyehitaji kusogeza kitu. Wekeni kanuni hiyo moyoni: usiguse.

Hoja ya tatu: kwa wakulima wa Karatu, kinachoonekana kama gofu huenda ni akiba

Sasa nishuke huku kwetu kwenye mashamba. Wazee wa Kiiraqw wanakumbuka tembe za zamani zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likiwa bapa, nyasi zikiota juu yake kiasi kwamba adui angeweza kupita karibu asijue kuna nyumba. Mpigapicha angeiona tembe ile kama shimo. Ilikuwa usalama wa watu na mifugo katika zama za uvamizi, na pia joto wakati wa baridi ya nyanda za juu. Miaka ya vijiji vya ujamaa, katikati ya miaka ya 1970, nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara, na tofali na bati vikawa ndiyo alama ya maendeleo.

Leo mkulima wa Karatu hajengi nyumba kwa mkopo wa benki. Anajenga kwa mavuno. Mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali za kuchoma, mwaka wa tatu lenta, na ikijaliwa mvua anapaua na kuezeka. Pagale lililosimama miaka minne katikati ya shamba la mahindi ni benki ya familia. Fedha iliyofungwa kwenye tofali haikopwi na mjomba wala hailiwi na sherehe. Sasa tukumbuke mwaka 2017. Mbaazi zilikuwa zimeleta fedha nzuri katika mikoa ya kaskazini, na watu wengi walikuwa wamelima kwa kutegemea soko la India. Agosti mwaka huo India ikaweka ukomo wa mbaazi za kuingizwa nchini mwake, na bei hapa ikaporomoka. Magunia yakalala stoo. Tembeeni kwenye vijiji vyetu muulize kila pagale lilisimama mwaka gani: mengi mtajibiwa kwa jina la zao na mwaka wa bei.

Mpigapicha aliyeelewa hayo hatapiga pagale kama gofu. Atatafuta alama za kusubiri: tofali zilizopangwa na kufunikwa majani ya migomba zisilowe, nondo zilizoachwa zimechomoza, mti uliopandwa kwa kivuli cha uwanja ambao bado haujawa uwanja. Ataandika mwaka wa msingi na mwaka wa kusimama. Kazi kama hiyo inahitajika pia kwenye laini za vibarua wa mashamba ya kahawa kule Oldeani, ambako anayeishi ndani hana mamlaka ya kuongeza hata dirisha, na bei ya kahawa ikianguka nyumba ndiyo ya mwisho kufikiriwa. Huko sitaingia leo kwa sababu muda hautoshi, ila natamani mtu mmoja kati yenu aichukue.

Hoja ya nne: jina la mwenye nyumba

Hii ni fupi lakini ni nzito. Machi 1936, kule Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja chini ya turubai akiwa na wanawe. Picha hiyo imechapishwa mara nyingi pengine kuliko picha nyingine yoyote ya wakati ule. Lange hakuandika jina la yule mama. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana kwa umma mwaka 1978, miaka 42 baadaye, na alisema hakupata hata senti moja. Turubai lake lilikuwa nyumba yake siku zile. Dunia nzima iliingia bila kubisha hodi.

Huku kwetu picha ya nyumba ina bei, na bei hiyo iliwahi kukatika siku moja. Maboma ya utamaduni kando ya barabara ya Serengeti yaliwekwa ili mgeni alipe kuingia na kupiga picha. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga anga, watalii waliofika Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 mpaka takriban 620,000. Familia zilizokuwa zikinunua unga kwa fedha ya viingilio zilibaki na nyumba ambazo hazikuwa na mtu wa kuzitazama. Katika shida hiyo wapigapicha wa kumbukumbu walihitajika kuliko watalii, na walikuwa wachache.

Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Kuomba idhini sasa ni adabu na ni sheria. Idhini yenyewe iombwe kwa lugha anayoielewa, Kimaa au Kiiraqw, na ielezwe wazi: picha itawekwa wapi, nani ataiona, na anaweza kuikataa hata kesho. Na kwa kuwa enkaji ni ya mwanamke, idhini ya mume peke yake haitoshi.

Hoja ya tano: nyumba mpya nayo inahitaji maelezo

Najua wengi mnasubiri nifike hapa. Tangu Juni 2022, familia kadhaa zimehama kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, ambako serikali imejenga nyumba za vyumba vitatu na kugawa mashamba. Serikali inasema uhamaji huo ni wa hiari. Wapo wakazi na watetezi wa haki wanaosema huduma zilipunguzwa Ngorongoro mpaka hiari ikakosa maana. Sikuja kuamua kesi hiyo hapa, na ukumbi huu una watu wa pande zote mbili ambao ninawaheshimu. Nataka tutazame picha.

Upande mmoja huleta picha ya mistari ya mapaa mapya ya Msomera iliyopigwa kutoka juu, na pembeni enkaji iliyochakaa kwa ukame. Upande wa pili huleta picha ya boma lenye watoto, ng'ombe na machweo, kana kwamba hakuna anayelala njaa ndani yake. Zote mbili zinaficha. Ya kwanza haisemi kwa nini ukuta umechakaa, wala haiulizi katika nyumba mpya ni nani mwenye hati, kwa sababu mwanamke aliyekuwa mwenye enkaji huenda amegeuka mgeni katika nyumba iliyoandikwa kwa jina la mume. Ya pili inamnyima mama yule yule haki ya kusema kwamba anataka bati, maji na dirisha. Nitakuwa mkweli kwenu: nadhani tumewakosea akina mama wa Olbalbal kwa pande zote mbili, kwa kuwageuza mfano wa hoja zetu pasipo kuwauliza wangependa nyumba gani.

Kwa hiyo nyumba ya Msomera nayo ipigwe picha kwa kanuni zile zile. Ilijengwa na nani, lini, kwa vifaa gani? Maji yako umbali gani? Mwenye nyumba amebadilisha nini tangu alipoingia? Mtu akihamia nyumba aliyojengewa, kitu cha kwanza anachoongeza kwa mikono yake kinasema mengi kuliko nyumba nzima. Je, amejenga zizi? Ameongeza jiko la nje? Ameacha chumba kimoja kitupu? Ningetamani kuona picha hizo, na ningetamani zipigwe na vijana waliokulia Olbalbal na sasa wanaishi huko.

Tufanye nini kuanzia sasa

Napendekeza kazi moja ambayo haihitaji fedha nyingi. Tuchague nyumba, tukianza na Olbalbal, kisha vijiji vya Karatu, na Msomera pia. Kila nyumba ipigwe picha kutoka mahali pale pale mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa kumi, na baada ya masika, mwezi wa tano. Sehemu ya kusimama iwekewe jiwe ili hata mwaka wa kumi mpigapicha mwingine asimame hapo hapo. Simu ya kawaida inatosha. Mfululizo wa picha za nyumba moja utaonyesha ukandikaji ukirudi na kupotea, bati likiongezeka, turubai likija na kuondoka, na hakuna mtu atakayeweza kuchomoa picha moja ya mwaka mbaya na kusema hii ndiyo nyumba yao.

Chini ya kila picha mwenye nyumba aeleze mwenyewe, kwa lugha yake, kilichobadilika tangu mara iliyopita na sababu yake. Maelezo yaandikwe kwa lugha hiyo, kisha kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye bibi anayezungumza Kimaa anaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko profesa, na walimu wa historia mliopo hapa mnaweza kuifanya sehemu ya mazoezi ya darasa.

Nakala ya kwanza apewe mwenye nyumba, iliyochapishwa kwenye karatasi. Ya pili ikae shule ya kata. Ya tatu ningependa tuombe ipokewe na makumbusho pale Olduvai, ili mgeni anayekuja kutazama mafuvu aone pia nyumba za watu wanaoishi juu ya ardhi ile. Ya nne iende kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako mtoto wa mtoto wa leo ataikuta hata kama sisi sote hatupo.

Kuna mambo ambayo bado hayajaamuliwa na ambayo sina haki ya kuyaamua peke yangu. Familia ikihama katikati ya kazi, je, mfululizo unafuata watu au unabaki na kiwanja? Mama akifariki, nani anatoa idhini ya picha za nyumba yake? Mtu akiomba picha hizi kwa ajili ya kesi mahakamani, tumpe? Malaigwanani, wazee wetu wa mila, wamekubali kuyajadili haya katika wiki zijazo, na walimu watatu wameshaandika majina yao kwa mwenyekiti.

Kiangazi kinakaribia mwisho, na picha za kwanza zinapaswa kupigwa kabla mvua za vuli hazijaanza. Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tuingie kwenye maswali, na kwa idhini yako maswali ya kwanza yatoke kwa akina mama wa Olbalbal, wayaulize kwa Kimaa. Mkalimani yupo.